Lenzi Nzito Niliyomchagulia Elina

Ngulyati, Bariadi
3 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Josia,

Mwangaluka, ndugu yangu. Habari za Dar, na kifua cha wifi Rhoda kimepona? Sisi tu wazima, ila mama goti linamsumbua. Mvua imeanza, wiki hii tunapanda pamba.

Nimeandika barua sababu simu yangu Elina anaishika kutwa, na hili sitaki alione. Nyanda wa jirani anakuja huko, atakupa mkononi.

Unajua mwanangu anapiga picha za watoto kwa ile kamera uliyompa, ambayo lenzi yake ya kwanza ilivunjika. Mwezi wa nane nilikuta mtu Lamadi anauza lenzi zilizotumika. Nikazishika moja moja kama ninavyochagua jembe. Iliyokuwa nzito, chuma tupu, nikaichukua nikafurahi. Kumbe Josia, ile ni ya kuzungusha kwa mkono mpaka sura ikae sawa. Sasa mtoto wa miaka miwili atakusubiri uzungushe? Elina akimaliza, mtoto yuko kwa kuku.

Basi mimi ndio nikawa mshika watoto. Mke wa Shigela alipopewa picha akasema, "Mama Elina, nilileta mwanangu apigwe picha, au nilileta mkono wako?" Tukacheka wote. Lakini uso wa mtoto ulikuwa kama moshi, na yule mama hajarudi tena.

Juzi nikamsikia Elina uani anamwambia rafiki yake Lucy, "Siwezi kumwambia mama. Aliichagua mwenyewe, kwa hela ya mpunga wake." Tarehe ishirini na nane watoto wa chekechea wanamaliza, ameitwa yeye kuwapiga picha. Akasema na hizo zikiharibika, kamera anaiuza.

Nikaenda mjini kuuliza, nimerudi nimechanganyikiwa zaidi. Kijana mmoja anasema ninunue lenzi ya milimita hamsini. Mwingine anasema themanini na tano, eti uso unatoka vizuri na nyuma kunalainika, lakini lazima usimame mbali. Chumba chetu unakijua, ukirudi hatua tatu uko jikoni. Nikauliza, si themanini na tano ni kubwa, kwa hiyo ndiyo bora? Wakatazamana.

Halafu kuna inayojitafutia sura yenyewe, wanaita otofokasi. Hapo nikashangilia. Kumbe nyingine haina mota ndani, inavutwa na ya kamera kama tela na trekta. Kamera isipokuwa na mota, unarudi kuzungusha! Ya Elina inayo au haina? Sijui. Nimenakili maandishi yote ya kwenye kamera, hata ya chini, yako karatasi ya pili. Waonyeshe dukani.

Isiwe ya bei ya kututisha, hata iliyotumika sawa. Ila ijaribiwe kwa mtoto anayekimbia, si kwa muuzaji aliyesimama. Hela anayo Nyanda, na anarudi tarehe ishirini. Chagua wewe, mkono wangu siuamini tena. Useme ni zawadi yako.

Hapa Elina ameingia, ananiuliza naandika nini. Nimemjibu namsalimia mjomba wake. Akasema, "Mwambie lenzi ya mama ni nzuri sana, naitumia kila siku."

Nimeandika kama alivyosema. Fanya haraka, ndugu yangu.

Mama anakusalimu, na shemeji yako Luhaga. Msalimie Rhoda na mwanenu Masalu. Mungu awe mbele yenu na nyuma yenu.

Dada yako akupendaye tangu mgongoni,
Felisita, Mama Elina