Jibu la Mzee Futi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Mama, maana najua karatasi hii iko mkononi mwako na miwani imeshuka hadi ncha ya pua kama kawaida yako. Natumaini barua hii inawakuta salama wote wawili. Je, Baba, jicho linaendeleaje tangu bandeji ifunguliwe? Daktari alikukataza kuinama, nami ninavyokujua, utakuwa umeshainama mara kumi kutafuta kiatu. Mimi mwili wangu ni mzima. Kikohozi kimeniacha, nakula vizuri, na chumba changu sasa kina dirisha linalofungika. Ila moyo wangu haujatulia hata kidogo, ndiyo maana nimechukua karatasi kubwa.

Barua yenu niliipata Jumatatu. Mnasema mtakuja mwisho wa mwezi ujao, wewe Baba na wazee wawili wa kanisa, kushuhudia ubatizo wa Mzee Futi, na kwamba Mama ameshanunua kitambaa cheupe ili fundi ajishonee mwenyewe vazi la siku hiyo. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Baba, tafadhali usikate tiketi. Hakuna ubatizo. Mama, usiuruke mstari huo wala usimlainishie. Msomee ulivyo, mpe maji anywe, kisha endeleeni.

Nianzie mbali kidogo ili mnielewe. Mzee Futi ndiye fundi mkuu wa duka letu. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Huja nayo asubuhi na kurudi nayo nyumbani jioni, nasi humtania kwamba iko siku atapima mkate kabla ya kuukata. Nilipofika hapa miaka mitatu iliyopita nilijua kushona mstari mnyoofu na kupiga soga, basi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kola, kutia bitana, kushona zipu isionekane. Hajawahi kunikaripia. Nikikosea, huniletea nguo, huiweka mbele yangu pamoja na wembe wa kufumulia, kisha huenda zake. Mke wake alifariki mwaka mmoja kabla sijaja. Akiwa kazini huwa ameuma pini sita au saba kwenye pembe ya mdomo, kwa hiyo mtu akimsemesha huguna tu, au huinamisha kichwa.

Tangu mwaka uanze nilijipa kazi ya kumhubiria. Nilimpenda, nikataka apate kile ambacho sisi tumekulia ndani yake, na hilo ni kweli tupu. Lakini namna yangu mnaijua, hamkuniita Chiriku bure. Nilimwanza asubuhi kabla hajavua koti, nikamfuata kwenye pasi, nikamfuata kwenye meza ya kukatia. Nilimtilia vijikaratasi vya Habari Njema ndani ya kopo lake la chaki. Cherehani zikinguruma nilipandisha sauti, zikinyamaza bado nilikuwa napayuka, na wateja mlangoni wakadhani tunagombana. Yeye alinivumilia.

Katika miezi yote hiyo aliniuliza jambo moja tu. Alisema mkewe alipougua, walikuja watu wenye Biblia mikononi wakamwambia kwamba akiamini kwa moyo wote mgonjwa atapona. Akaamini kadiri alivyoweza. Mke akafa, na watu wale wale wakamwambia msibani kwamba imani yake ilipungua mahali. Kwa hiyo alitaka kujua, huyo Mungu ninayemsema anamtazamaje mtu ambaye mkewe amekufa kwa sababu yake. Baba, swali zito namna hiyo, nami nililijibu huku natunga uzi. Nilimmiminia mistari minane niliyoikariri Shule ya Jumapili bila hata kuvuta pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akarudi kazini. Hakuuliza tena.

Ndipo ikaja siku ya gauni la bibi harusi, ile niliyowaandikia. Bibi harusi alikuwa amesimama juu ya kigoda, Mzee Futi amepiga magoti akimwekea pindo kwa pini, mdomo umejaa. Mimi nilikuwa nimeshika mkia wa gauni. Sijui nini kilinisukuma. Nilimuuliza pale pale kama yuko tayari kumpokea Yesu awe Mwokozi wake. Akainamisha kichwa mara moja. Nikapiga kelele za shangwe, bibi harusi naye akapiga makofi akidhani ndivyo inavyofanywa, karibu aanguke kigodani. Mchana huo huo, chakula changu kikipoa, niliwaandikia kwamba Mzee Futi ameokoka, tena kwa machozi. Hayo machozi niliyaongeza mwenyewe.

Yaliyofuata upande wenu mnayajua. Barua ilisomwa kanisani, watu wakaimba wamesimama, mkanunua Biblia mpya ya jalada jeusi, mkaandika katika ukurasa wa kwanza kwamba ni zawadi kwa ndugu yenu mpya katika imani, watu kumi na wanne wakatia sahihi. Upande wetu ilikuwa hivi. Kifurushi kilifika dukani siku ambayo nilikuwa nimetumwa zipu. Kilikuwa na jina lake, akakifungua. Niliporudi nilimkuta ameketi, miwani usoni, cherehani yake imefunikwa saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliniuliza kwa sauti ya chini alikubali lini. Akasema hii ni mara ya pili watu wa imani kumsemea yaliyo moyoni mwake. Kwanza walisema hana imani, sasa wanasema anayo, na mara zote mbili hakuna aliyengoja aseme mwenyewe. Akaifunga Biblia katika karatasi yake ile ile, akaiweka mezani kwangu. Kisha akaibeba cherehani yake akaihamishia kule nyuma karibu na stoo, ambako hata mwanga wa kutungia uzi hautoshi.

Wiki tatu zikapita. Salamu ananipa, kazi ananipa, lakini soga zetu zimekwisha. Mwenye duka alipouliza tumekosana nini, Mzee Futi alimjibu kwamba kule nyuma kuna upepo mzuri. Hakuna upepo kule, kuna panya. Alinisitiri, Baba, na hilo liliniuma kuliko kama angenisema mbele za watu. Nikamwendea, nikamwomba samahani, nikamwambia nilielewa vibaya, kwamba nilidhani kuinamisha kichwa ni kukubali. Halafu akaniletea koti la shule nililolishona mbio mbio, mkono mmoja umepinda, na juu yake akaweka wembe. Niliufumua ule mshono hadi mchana, machozi yakidondokea bitana. Uzi ulipotoka wote, matundu ya sindano yakabaki safu nzima kwenye kitambaa.

Sasa nimefika mahali ambapo mkono unakuwa mzito. Baba, sikuelewa vibaya. Dukani kwetu hakuna asiyejua maana ya Mzee Futi kuinamisha kichwa akiwa ameuma pini. Alinieleza mwenyewe siku yangu ya kwanza, kwa sababu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu bila kujichoma: maana yake ni nimekusikia, ngoja nizitoe. Nimeifuata ishara hiyo miaka mitatu. Nikimuuliza tutumie uzi wa rangi gani naye akainamisha kichwa, sikimbilii kutunga uzi wowote, nangoja. Siku ile nilijua. Nilipokuwa nashangilia nilijua, na nilipokuwa nawaandikia nilijua. Alipomaliza pindo na kuzitoa pini alinigeukia ili aseme, nami nikakimbilia chakula changu nisije nikamsikia.

Mtaniuliza kwa nini. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, barua za watoto walio mbali husomwa kanisani. Za dada muuguzi husomwa, maana wagonjwa wake wawili wamebatizwa. Za kaka mwalimu husomwa. Zangu zina kikohozi, mvua na zipu, na hazijawahi kuvuka mlango wa sebule yetu. Siwalaumu, nani asimame kanisani asome habari za zipu? Lakini nilitaka, mara moja tu, barua yangu isomwe nawe uinuke useme huyu naye ni mwanangu. Kwa ajili ya hilo nilimtumia mtu aliyenipa ufundi, na nikalitumia jina la Bwana pia. Msamaha nimeuomba na naamini nimeupata. Aibu ndiyo haijaniachia.

Alhamisi nilimfuata kule nyuma kabla duka halijafunguliwa, nikamwambia kwamba nilijua. Akasema yeye alikuwa anajua kwamba nilijua. Ambacho hakukijua ni kama ningekuja kusema. Nikamwomba ruhusa nimjibu upya lile swali lake, akaniruhusu. Safari hii sikwenda mbio. Nilimwambia wale waliomtwisha kifo cha mkewe hawakumhubiria Injili, kwa sababu Mungu hatupimi ukubwa wa imani ndipo atupende. Kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na kitu cha kumpa, na akafufuka. Na kwamba aliposimama penye kaburi la rafiki yake alilia pamoja na wafiwa. Ila kwa nini mkewe hakupona, nilimwambia sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia sijui. Kisha nikanyamaza, mimi Chiriku, nikanyamaza mpaka nikaisikia saa ya ukutani.

Alikuwa ameshauma pini zake za asubuhi. Akazitoa moja moja, akazichomeka zote kwenye kile kimto anachofunga mkononi, akaniambia nimuulize tena swali la siku ya gauni. Sikutaka. Akasisitiza. Nikamuuliza kama yuko tayari kumpokea Yesu. Akasema bado. Akasema angependa kwanza kuisoma mwenyewe hiyo habari ya rafiki aliyeliliwa, lakini hawezi kuisoma katika kitabu kinachomwita kitu ambacho hajawa. Basi nimempa Biblia yangu, ile uliyonikabidhi siku ya kuondoka, yenye mistari uliyoipigia penseli. Cherehani yake bado iko kule nyuma. Ila jana nilimwona shingo tupu kwa mara ya kwanza. Futi ameilaza katikati ya kurasa iwe alama. Amefika wapi sijui, na sijamuuliza.

Biblia ile mpya nawarudishia pamoja na barua hii. Nina ombi moja, Baba, na najua litakugharimu wewe kuliko mimi, kwa kuwa ndiwe uliyeongoza wimbo siku ile. Barua yangu ya kwanza ilisomwa mbele ya kanisa zima. Na hii isomwe, yote, pamoja na yale machozi ya uongo, bila kupunguzwa neno. Huko wako watu wanaomtaja Mzee Futi katika maombi yao na kushukuru kwa jambo ambalo halijatokea. Anastahili waombe kwa lililo kweli. Amejibu kwa mdomo wake mwenyewe, usio na hata pini moja, na jibu lake ni bado.

Kitambaa cheupe, Mama, kitunze kabatini. Usikikate, wala usimpe mtu. Na kama mtapenda kuja hata hivyo, njooni tu kunitazama mimi. Chumba ni kidogo lakini mtatosha, na Baba nitamtafutia kiatu mimi mwenyewe. Nisalimieni dada na kaka, waambieni wasinicheke sana. Baba, ukishaomba usiku wa leo, usinijibu kwa hasira wala usinijibu haraka. Nangoja.

Ni mimi kitindamimba wenu,

Chiriku