Hasani na Zakaria, Watu Wangu wa Huku

Mayu, mama yangu mpendwa,

Sijui barua hii itakufikia asubuhi au jioni, kwa hiyo nakuamkia kwa vyote viwili: mwangaluka, mayu, na mwadila. Goti linasemaje? Dada Doto aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakwenda kisimani bila fimbo, nikafurahi. Akaongeza kwamba umemgombeza kwa kuniambia habari za goti lako, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mvua zimeshika? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo.

Doto, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Mayu atajua tu kwamba umeruka.

Nitampa barua hii dereva anayekwenda Mtwara, naye atampa mwenzake wa mabasi ya huko kwetu. Kwa simu nimeshindwa. Kila mara unaniuliza, "Mwanangu, hapo walipouawa watu unabaki kufanya nini?" nami nasema mtandao unakatika. Swali lile halijibiki kwa vocha. Linataka mtu akae chini.

Msimu wa pamba umeanza huku kaskazini mwa Msumbiji. Harufu ya pamba iliyopigwa na jua ni ileile ya kwetu. Kinu cha pamba ninakofanya kazi kikianza kunguruma asubuhi, nikifumba macho naiona Bariadi: mikokoteni ya ng'ombe imejipanga, wakulima wamelala juu ya mafurushi yao wakisubiri kupima, na wewe unakuja na michembe ya viazi vikavu na karanga umezifunga kwenye kanga, unamletea baba. Baba alikuwa akitoka kinuni kichwa cheupe kwa nyuzi za pamba, nasi watoto tukisema amezeeka tangu asubuhi. Siku hizi mweupe ni mimi, tena katika nchi ya watu.

Nakumbuka pia uliponisindikiza hadi Malampaka kupanda treni. Treni ilipoingia ndipo ukasema, "Huko uendako, tafuta watu." Hukusema nitafute mali. Mayu, watu niliwapata, ila sijawahi kukusimulia vizuri habari zao. Acha nikusimulie leo.

Wa kwanza ni Hasani, aliyekuwa akipima pamba kwenye mizani ya gulio. Mwislamu wa pwani ya huku, mnene, mcheshi, mtu asiyeweza kuficha siri hata ya kuku. Wa pili ni Zakaria, seremala wa kinu, Mkristo, katekista wa kigango cha hapa. Mrefu, mkimya, na akiimba kanisani, Mungu anisamehe, hata mbuzi waliokuwa nje waligeuka kutazama kuna nini. Nyumba zao zilitenganishwa na uzio mmoja wa matete, na katikati ya uzio palikuwa na tundu la kupitishia moto, chumvi na maneno.

Nilipofika sikujua mtu wala Kireno. Kiswahili wanakisikia, lakini chao wamekichanganya sana. Zakaria alinipa chumba nyuma ya nyumba yake, na mkewe, Mama Delfina, akawa ananipikia kama mwanawe. Malaria iliponiangusha, Zakaria alinibeba kwa baiskeli hadi zahanati, Hasani akitembea kando ananishika nisianguke, huku ananisimulia vichekesho ambavyo sikuwa na nguvu ya kuvicheka. Nilipopona alinisimulia vyote upya ili nimlipe kicheko chake.

Hasani alitaka nimfundishe Kisukuma. Nikamfundisha mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya baadaye. Hakuwahi kuzipatia. Kila asubuhi nilisikia sauti yake kutoka penye mizani, "Mwadila, Shijaa!" jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, na Zakaria akimjibu kutoka kwenye karakana yake, "Mwenzio anaamka, wewe unamlaza!" Mayu, ningeambiwa nichague sauti moja ya kuisikia tena katika miaka yote niliyokaa huku, ningechagua hiyo.

Sasa nifike pale pagumu.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya gulio, watu wameshajaa. Walikuja kwa pikipiki kutoka upande wa msitu, wale vijana wanaojiita askari wa Mungu, na bunduki na mapanga. Mimi nilikuwa kinuni. Tuliposikia risasi tulizima mashine, tukajichimbia kwenye lundo la mbegu za pamba hadi puani. Kwa hiyo hili ninalokuandikia sikuliona. Amenisimulia Mama Delfina, aliyekuwa gulioni na mumewe.

Waliwakusanya watu penye mizani wakaanza kuwachambua. Zakaria walimjua kwa rozari iliyokuwa shingoni. Wakampigisha magoti. Hasani wakamwambia asome shahada, akasoma. Wakamwambia, "Wewe ni wetu. Nenda zako."

Mama Delfina anasema Hasani alipiga hatua chache, akasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha akarudi. Akapiga magoti kando ya Zakaria, akamshika mkono.

Mkubwa wao akamuuliza, "Wewe una wazimu?"

"Huyu ni jirani yangu," Hasani akajibu. "Nikirudi nyumbani bila yeye, nitamwambia nini mkewe?"

Na mkewe alikuwa palepale, anasikia. Sijui kama Hasani alikuwa anatania, mayu. Kwake yeye utani na ukweli vililala kitanda kimoja. Waliwaua wote wawili. Walimuua pia mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo, na wengine ambao nitakutajia majina nikija. Wakachoma kanisa, wakapotea kabla askari wa serikali hawajafika.

Tuliwazika siku hiyohiyo, Hasani kwanza kwa taratibu za dini yake, halafu Zakaria. Tulitoka kaburi moja kwenda lingine na udongo uleule miguuni.

Zakaria ameacha kijana wa kiume, Tomasi, mtu mzima mwenye mke. Tunafanya kazi pamoja kinuni. Siku ile hakuwepo, alikuwa amesafiri na lori la pamba. Tangu arudi akawa anafika kazini kabla ya kila mtu. Anafunga nati kana kwamba anamkaba mtu.

Miezi ikapita, wakaja wakimbizi kutoka vijiji vya pwani. Nyumba zao zilichomwa na watu walewale. Wote Waislamu, wengi akina mama, watoto wamevimba miguu kwa kutembea. Hakuna aliyetaka kuwapokea. Walisema miongoni mwao wamo wapelelezi. Walilala barabarani mpaka Mama Delfina alipokwenda mwenyewe kuwachukua, akawafungulia ua wake.

Siku ya pili yake Tomasi akanifuata stoo, maana funguo za mafuta ninazo mimi.

"Kaka Shija, nijazie petroli kwenye chupa hii."

"Ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Uani kwa mama yako?"

"Mama amerukwa na akili. Hawa ndio waliomuua baba."

"Hawa wamechomewa nyumba na haohao, Tomasi."

"Dini yao si moja? Nipe."

Mayu, sitakuficha. Na mimi moyo ulikuwa unawaka. Nilikuwa nikipita penye mizani ile nageuza uso, na nikimwona mgeni yeyote mwenye kanzu damu inanipanda. Lakini Tomasi aliposema maneno yale nikamwona Mzee Rajabu, jirani yetu mwenye duka. Nikamwona siku baba alipofariki, amefunga duka lake na mlango haukufunguka mpaka matanga yalipoisha, wanawe wamo kaburini wanachimba pamoja na wajomba zangu, na mkewe amelala kwenye mkeka ubavuni mwako usiku baada ya usiku. Nikajiuliza, mtu angekuja Bariadi na chupa ya petroli kutafuta Mwislamu wa kuchoma, si angeanzia kwa Mzee Rajabu?

Nikamwambia, "Sikupi."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akatoka. Nilijua atapata kwa waendesha pikipiki, nikafunga stoo nikamfuata. Alishawakusanya vijana wenzake, wana fimbo, mmoja ana panga. Nikawa nawakimbilia nyuma nikiwasihi, na hakuna aliyegeuka.

Tulipofika, Mama Delfina alikuwa anakoroga uji kwenye sufuria kubwa ya kigango, jasho linamtoka. Wakimbizi walipoona vijana wakaanza kukusanya watoto wao kimyakimya, kama watu waliokwisha kuzoea. Kule kuzoea kwao ndiko kulikoniuma.

Mama Delfina akamtazama mwanawe, akaitazama chupa.

"Tomasi," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "weka hiyo chupa chini uje unishikie sufuria. Uji unashika chini, na mikono yangu haitoshi."

"Mama, ondoka hapo."

"Niondoke niende wapi? Hapa ni kwangu."

"Wamemuua baba!"

"Nilikuwepo. Wewe hukuwepo. Baba yako amekufa mkono wake uko ndani ya mkono wa Mwislamu. Sasa wewe umekuja kuuchoma mkono ule." Hapo akaacha kukoroga. "Nimeshamzika mume wangu, Tomasi. Usinifanye nimzike na mwanangu angali anatembea."

Uji ukaanza kunuka, na watoto wakawa wanalia. Tomasi alisimama pale, mayu, mpaka nikadhani ameganda. Kisha akaiweka chupa chini. Akavua shati, akalizungushia mikononi, akaenda akashika sufuria. Mama yake akaendelea kukoroga. Hawakutazamana. Wale wenzake wakaondoka mmoja mmoja, nami nikaichukua ile chupa nikaenda kuimwaga nyuma ya choo.

Sitaki udhani mambo yalinyooka siku ileile. Tomasi alikaa muda mrefu bila kusema na mama yake. Lakini kila asubuhi alileta mzigo wa kuni, akautupa mlangoni, akaenda zake kinuni. Baadaye akaanza kuupanga. Baadaye tena nikamkuta amekaa na mzee mmoja wa wakimbizi, mvuvi, wanatengeneza kitanda kwa randa ya marehemu baba yake, wanabishana juu ya misumari.

Juzi tumetimiza mwaka. Tulikusanyika penye mizani, dini zote. Padri aliomba, shehe akaomba. Kisha Mama Delfina na Amina, mjane wa Hasani, wakasimama pamoja kusoma majina ya marehemu, huyu anasoma moja, yule moja. Amina ndiye aliyesoma jina la Zakaria, Mama Delfina akasoma la Hasani. Tukaimba wimbo aliokuwa akiupenda Zakaria. Tuliuimba vizuri, na ndipo watu wengi wakalia, kwa sababu katika maisha yake haukuwahi kuimbwa vizuri.

Baadaye tulikula. Yule mzee mvuvi ndiye aliyechinja mbuzi ili kila mtu ale, nami nikakumbuka Krismasi zetu, ulivyokuwa ukimtuma dada Kulwa akamwite Mzee Rajabu aje achinje kabla hujainjika maji. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni kwa kuwa ana kisu kikali. Nilipowaambia jambo hilo, Amina akacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mumewe afe.

Basi, mayu, umeniuliza nabaki kufanya nini. Woga ninao. Usiku mbwa wakibweka naamka nimekaa. Lakini nikiondoka sasa, nitakuwa nimewaachia wale wa msituni mji huu, na Hasani hakuwaachia hata mtu mmoja. Msimu ukiisha nitakuja nikae nawe, nile mlenda wako, nikatembee shambani kwa baba. Kisha utaniruhusu nirudi. Najua utalia, nami nitalia, lakini utaniruhusu.

Nisalimie Kulwa na mumewe kule Ipililo, mwambie nimepata kanga za Kimakonde, moja ni yake na moja ya Doto, wasigombane. Nisalimie shangazi wa Mwanhuzi, dada yake baba, mwambie samli ya ng'ombe wake hata huku hakuna mfano wake. Msalimie Mzee Rajabu na mama wa nyumbani kwake, na kama ana nafasi, Doto amsomee barua hii yote. Baba mchungaji wetu naye aniombee, na katika maombi amtaje Hasani kwa jina, asione shida.

Habari ya mwisho ni njema. Mke wa Tomasi amejifungua mtoto wa kiume. Jumapili tulimpeleka kubatizwa katika kanisa letu jipya la mabati, na Amina alikuja, akakaa benchi la mbele na mtandio wake. Padri akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Tomasi akasema, "Hasani." Padri akainua uso, akamtazama, kisha akamtazama Mama Delfina. "Hasani," Tomasi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Padri akachota maji.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Shija