Misumari na Soko Dogo Kabisa

Jumamosi, 2 Machi

Timu yangu, Misumari, mabingwa! Msimu wa nane, ubingwa wa kwanza. Mrushaji wangu Kobe alirusha mpira raundi zote tisa, na mpigaji wa mwisho wa Shemeji akapunga gongo hewani kama anayefukuza nzi. Nilishangilia mpaka Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Niandike vizuri nisisahau. Ligi yetu ya besiboli iko kwenye kompyuta ya Dada. Ndani ya mchezo imeanzia mwaka 1921, na miji yote tumeitunga wenyewe. Shemeji, mume wa Dada, fundi wa lifti, alijichukulia Jiji Kuu: soko daraja la kumi, kubwa kuliko yote. Baba akachukua mji wa bandari, daraja la sita. Mimi siku ile nilichelewa kutoka kazini, nikaachiwa mji wa reli, mdogo kuliko yote. Daraja la kwanza. Shemeji husema huko kwangu mtu mmoja akipiga chafya, mji mzima unasema pole. Ananiita Meneja wa Kiberiti.

Leo Kiberiti kimewaka.

Jumapili, 3 Machi

Nimefungua ukurasa wa timu nione soko limepanda hadi wapi. Daraja la kwanza. Bado!

Misimu minane nimejaza daftari nikiamini kushinda kunakuza soko. Kumbe soko ni wingi wa watu wa mji, basi. Linasogea polepole kama ukucha unavyokua. Kinachopanda kwa ushindi ni mapenzi ya mashabiki, na yangu ni 96 kwa 100. Nimechanganya safu mbili muda wote huo. Mimi, mtunza stoo ya vipuri, ninayetofautisha nati ya kumi na ya kumi na moja kwa kidole tu. Nimecheka peke yangu.

Halafu nikaona la pili, sikucheka. Mkataba wa Kobe umeisha. Mchezaji aliye huru hufuata soko kubwa. Shemeji ameshaona — ametuma ujumbe kwamba Kobe anaulizia nyumba ya kupanga Jiji Kuu.

Jumatano, 6 Machi

Stoo. Beringi hazijafika. Nimemwaza Kobe. Nilimchukua akiwa na miaka kumi na tisa, hakuna aliyemtaka kwa sababu mipira yake ilikwenda taratibu mno. Ndiyo maana ya jina.

Alhamisi, 7 Machi

Baba amepiga simu. Mpima ardhi hata akistaafu hupima: amesoma maelezo ya mchezo mstari kwa mstari, na rula. Kasema bingwa wa daraja la kwanza anaruhusiwa kuhamia mji mkubwa, mara moja tu, na akihama wachezaji wake wote wanafunga naye mikataba mipya. Mji wenye nafasi ni mmoja. Jiji Kuu!

Kwa hiyo nikihama, Kobe ni wangu. Ila mapenzi ya mashabiki yanaanza sifuri. Wale 96 ndio waliojaza uwanja msimu wa tatu, tulipopoteza mechi kumi na saba mfululizo. Najua ni tarakimu. Najua.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tisa alasiri Dada, ambaye ndiye kamishna wetu, alifungua ukurasa wa uhamisho. Vitufe viwili: Hama, Baki. Akanipa hadi saa kumi na moja.

Shemeji alifurahi kuliko mimi. Nihame tu, nikaone watu, nijifunze kuvuka barabara. Atanionyesha hata njia ya kwenda uwanjani.

Baba hakuinua kichwa. Alisoma tu yale maelezo ya mchezo.

“Mji ukiwa na timu mbili, soko hukatwa katikati. Kumi inakuwa tano na tano.”

Shemeji aliweka kikombe chini. Akaomba asomewe tena. Baba akasoma tena, taratibu zaidi. Dada alicheka mpaka akashika friji.

Tangu hapo mtu amebadilika. Mimi si Meneja wa Kiberiti tena, ni shemeji yake wa pekee. Anasifia hewa ya mji wa reli. Anauliza nitawaachaje watu walionipenda hivyo. Nikasema inaniuma, lakini Kobe anaondoka, nifanyeje? Akasema labda yeye anaweza kumwacha Kobe msimu huu, na Baba hana haja naye, atabaki kwangu. Nikasema misimu mitatu. Baba akakohoa: mitano.

“Shemeji, unaniua,” akaniambia. “Mitano mtu anazeeka.”

Ametoka kwenda kujishauri koridoni. Namsikia akihesabu umri wa Kobe. Ninaandika haya kwenye meza ya Dada, daftari liko mapajani. Saa kumi na nusu. Mshale wa kompyuta umekaa juu ya Baki tangu saa tisa, kabla Baba hajasoma chochote. Hakuna aliyeangalia. Dada pekee, nadhani, maana amegeukia ukutani na mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Shemeji anarudi. Anavuta kiti. Anauliza kwa upole tulikuwa tumefikia minne, au vipi? Nimeweka uso wa mtu anayefungasha mizigo —