Rozina, Uliyekataa Vitabu Vitupu

Mwaka umekwisha kuzunguka, Dada Rozina, tangu ulipotutoka hapa Guangzhou, mbali na Rombo yetu lakini mikononi mwa watu wako. Ni mimi, mdogo wako Judica, niliyeshika kalamu kwa niaba ya familia. Shemeji Protas alianza kuandika yeye, akafika "Mke wangu mpenzi", akaomba apumzike kidogo. Hajarudi. Kwa hiyo nivumilie, unajua mimi ni mtu wa mizigo na sina maneno laini.

Ulikuwa mkutubi. Baadhi ya waliokuja kutupa pole walituuliza hiyo ni kazi gani hasa, kama ni kupanga vitabu na kunyamazisha watoto. Tuliwajibu kwa kiburi kidogo, utusamehe. Tuliwaambia kwamba maktaba za shule za jimbo letu, za masista na za mapadre, zilipita mikononi mwako kwa miaka mingi, na kwamba hakuna kitabu kilichopanda rafuni kabla hujakisoma wewe. Shemeji alipopata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu huku, tulidhani unakuja kupumzika. Wiki hiyohiyo uliyofika ulikwisha kujitwalia kiti ofisini kwangu mtaani Xiaobei, katikati ya maboksi ya kago, ukiongea na masista kwa simu kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lifti.

Namna yako ya kuchagua tuliicheka, kisha tukaiheshimu. Ukurasa wa kwanza uliusoma umesimama. Halafu ulifungua katikati ukasoma kwa sauti, popote ulipo, hata kwenye treni ya kwenda Pazhou, abiria wakikukodolea macho. Ukiridhika, ulimpa Sia. Binti yako ni mtu wa hesabu na mashine, hadithi humletea usingizi, na ndiyo sababu ulimtaka yeye. "Anayependa kusoma atasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi," ulikuwa ukisema. "Mimi namtafuta huyu anayepiga miayo." Sia akikirudisha kitabu upesi, kiliachwa. Akikificha chini ya mto, kilikwenda Rombo.

Vya Kiswahili, ulivyokwisha kuvisoma zamani nyumbani, ulimwagiza kaka Benjamin akununulie Dar es Salaam, maana huku havipatikani. Vya Kiingereza, vya sayansi na vya ramani uliwafuata wauzaji wa jumla wewe mwenyewe, wakakuzoea, wakawa wanakuita laoshi, yaani mwalimu. Uliwaacha wakuite hivyo. Ulikipenda hicho cheo, usikatae.

Masista uliwapenda na hukuwaogopa. Sista Yustina, mkuu wa sekondari ya wasichana uliyoijali kuliko zote, alishtuka alipopokea kitabu cha mwili wa binadamu chenye michoro. Akapiga simu. Ukamwambia, "Sista, aliyeuumba mwili ni Mungu. Hawa wameuchora tu." Alicheka, na kitabu kikabaki. Vitabu vya maisha ya watakatifu navyo alikuwa amevifungia kwenye kabati la kioo, ukamwomba avitoe. Ulimwuliza watakatifu wamekosa nini mpaka watiwe kufuli.

Lakini siku tunayoisimulia kwa kila mgeni ni ile ya vitabu vyenye maandishi ya dhahabu.

Sista Yustina alikuwa amepata jengo jipya la maktaba na Baba Askofu alikuwa anakuja kulibariki. Rafu zilipanda mpaka darini, na vitabu ulivyokwisha kuchagua havikufika hata nusu yake. Sista aliona aibu inamjia mbele ya askofu na wazazi, akakusihi ujaze. Abdulsalam wa Unguja, ambaye kila mara alitupa nafasi ya bure ndani ya konteina lake, akataka kukusaidia. Aliingia ofisini na toroli la maboksi, uso umemng'aa. Ndani mlikuwa na vitabu vya majalada magumu, vyekundu na vya kijani, vyenye maandishi ya dhahabu, vizuri kuliko vyote tulivyowahi kuviona.

"Dada Rozina, ukuta mzima huo unajaa! Laoban mwenye duka kanipa kwa bei ya kutupa. Konteina linaingia bandarini Nansha keshokutwa, we sema tu nipakie."

Ulikichukua kimoja, ukasimama, ukafungua ili usome ukurasa wa kwanza. Hapakuwa na ukurasa. Lilikuwa boksi la karatasi ngumu, pambo la kuwekwa hotelini na kwenye nyumba za maonyesho.

"Najua, dada, ni vya kupamba," Abdulsalam alisema. "Siku ya sherehe nani atavigusa? Baadaye mtatia vya kweli kidogo kidogo."

Sista alikuwa hewani kwenye simu, akasikia yote. "Mama Sia," alisema, "kwa siku moja tu. Nakuomba."

Sote tulikutazama. Sista ulikuwa unamheshimu kama dada wa tumbo moja, na bila konteina la Abdulsalam hata vile vya kweli visingefika. Ungeweza kuwaudhi wote wawili kwa neno moja, na wasichana wakabaki bila kitu.

"Buyao, Abdulsalam," ulisema, yaani 'sitaki' kwa Kichina cha sokoni huku. Kisha ukaiinamia simu. "Sista, yupo msichana pale ambaye hajawahi kuingia maktaba maishani mwake. Atanyoosha mkono achukue kile kizuri kuliko vyote. Akikuta boksi, hatanyoosha tena. Siwezi kumfanyia hivyo, hata kwa ajili ya Baba Askofu."

"Sasa rafu zikae tupu?"

"Zikae tupu, na tusizifiche. Bandika karatasi useme kwamba zinangoja vitabu watakavyoomba wasichana wenyewe."

Abdulsalam aliyarudisha maboksi kwenye toroli, akaondoka bila kuaga. Tulijua tumempoteza, yeye na konteina lake. Kesho yake akanipigia simu: "Judica, nafasi yenu nimeiacha. Leteni hivyo vyenu vya kweli, na msichelewe, maana dada yako ni mkali kuliko watu wa forodha."

Baba Askofu akabariki maktaba iliyo nusu tupu. Alisoma ile karatasi, akageuka akawauliza wasichana wanataka nini. Mmoja alitaka kitabu cha kufuga nyuki. Mwingine alitaka cha nyota. Wa tatu alitaka hadithi yenye mwisho mzuri, na Baba Askofu akasema na yeye pia.

Tangu hapo maombi yalikujia mfululizo na ulihangaika nayo kwa furaha. Ulihangaika nayo hata ugonjwa ulipokushika. Kitandani hospitali ulikuwa unamwomba Sia afungue katikati akusomee, na ukikunja pua tulijua kitabu hicho hakisafiri. Hofu yako haikuwa kufa. Ulitushika mikono ukatuambia, "Msije mkajaza ovyo nikiondoka." Dada, hayo yalitutesa kuliko kuaga, kwa sababu hatukujua kama tutaweza.

Tumeweza. Sia sasa anasoma kwa sauti kwenye treni na haoni haya. Shemeji Protas anabeba mizigo na kubishana na wauzaji. Kaka Benjamin anatafuta Dar es Salaam yote. Abdulsalam hapakii boksi letu kabla hajatuuliza, "Mmevifungua?"

Majuzi Sista Yustina alitutumia ujumbe kwamba rafu zilizoachwa tupu zimejaa, na hakuna kitabu hata kimoja kwenye hizo ambacho msichana hakukiomba. Tulilia, kisha tukamwuliza kama sasa kazi yako imekwisha. Akatujibu kwamba amemwita fundi Joachim atengeneze rafu nyingine, ndefu kama zile. Imesimama tayari ukutani, haina kitabu, na karatasi yako ameihamishia hapo.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii katika kanisa kuu la mawe hapa Guangzhou, na siku hiyohiyo parokiani kwetu Rombo.

Unakumbukwa na mume wako Protas, binti yako Sia, kaka yako Benjamin na mimi mdogo wako Judica. Unakumbukwa na Abdulsalam, aliyesema akiachwa nje ya tangazo hili hatatupa tena nafasi kwenye konteina lake, na Sista Yustina pamoja na wasichana wake wote.

Tunajivunia kuwa wako, Dada. Tutakukumbuka siku zote, kila tukikifungua kitabu na kukuta kina kurasa.