Ubao wa Mawimbi

Jumatatu, 6 Julai 1953
Nimemgeuza baba, nimemwosha, nimempaka mafuta mgongoni. Uji kakataa. Ngedere nimewafukuza kwenye mahindi mara tatu. Nilikuja Handeni kwa wiki mbili tu, baba alipopooza. Huu mwaka wa pili. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu.

Ubao wangu umesimama nyuma ya mlango. Niliuranda mwenyewe nilipokuwa nasoma Pangani. Tulikuwa tunakwenda na mbao zetu mpaka mawimbi yanapovunjikia, kila mtu na wake, tunalala kifudifudi, wimbi linatusukuma hadi mchangani. Mimi nilikuwa nasimama juu ya wangu. Wenzangu walishindwa. Najisifu, ndiyo. Nani anasoma?

Jumatano, 8 Julai
Dereva wa lori kaleta salamu za Shomari, mwenzangu wa Pangani. Upepo wa kusi umechachamaa, mawimbi ni ya kusimama. Kazi ghalani ipo, wananingoja mpaka Jumamosi. Lori linashuka Ijumaa mchana.

Nimemwambia mama. Ameendelea kuchambua mboga. Kisha akasema dada aitwe kutoka Manundu, anipokee kumuuguza baba. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Alhamisi, 9 Julai
Dada kaja, mtoto mgongoni. Nimemfundisha kumgeuza baba. Anamshika kama yai. Baba alikuwa ananifuata kwa macho. Nimefunga mizigo. Kuaga nimesema kesho.

Ijumaa, 10 Julai
Baba amefariki alfajiri.

Jambo la kwanza nililowaza: kwa nini leo? Mungu anisamehe.

Tumezika baada ya sala ya Ijumaa. Kipimo cha kaburi nilitoa mimi, kwa mazoea. Miaka miwili nimemjua amejikunja. Kumbe alikuwa mrefu. Aliponyooshwa hakuna aliyekumbuka kupima upya. Ikabidi wachimbaji waongeze, na mbao za kufunika mwanandani, ule upenyo wa pembeni anamolazwa maiti, zikapungua moja. Watu wamesimama juani. Mchimbaji mmoja akasema akate mti.

Nimekimbia nyumbani. Mama kaniona natoka na ubao wangu mlangoni.

“Huo ni wako, mwanangu.”

“Baba anauhitaji.”

Umeenea. Tumeshindilia udongo. Lori lilipita tukiwa hukohuko makaburini, nimelisikia. Nimelia, na sijui nilikuwa namlilia nani zaidi.

Jumanne, 14 Julai
Dada karudi kwa mumewe. Mama yumo eda, hatoki mpaka Novemba. Maji, kuni, mahindi, vyote vyangu. Nimerudisha salamu kwa Shomari, wampe mtu mwingine ile kazi.

Nimempelekea mama chakula. Akaniuliza kama bado naitamani bahari. Nimesema hapana, nimekua.

“Mwongo,” akasema, akanisogezea sahani tule pamoja.