Ndege ni wa Wanawake

Jumatatu, 29 Aprili 1957

Nimeamka kabla ya jogoo, tena jogoo mwenyewe mvivu. Nimetwanga, nimechota maji, nimemnyonyesha Gaude huku nakoroga uji kwa mkono wa pili. Halafu shambani, nikapanda dungu, kichanja chetu cha miti, kuamia ndege wasishuke. Mpunga umeanza kutia maziwa na ndege wanajua kuliko bwana shamba. Nimepiga debe, nimerusha mawe, nimepayuka. Jua lilipochomoza nikakimbia kazini, hospitali ya Ifakara, wodi ya wazazi, tope hadi magotini. Sista mkuu wa wodi kaitazama miguu yangu.

Wanaume wawili wasingeiweza asubuhi hii. Watatu, labda.

Alhamisi, 2 Mei

Mto umefurika, pantoni imefungwa. Mume wangu Anselmi ni mvuta kamba wa pantoni, kwa hiyo anashinda sokoni anacheza bao. Jioni nikamwambia: mchana huna kitu, kaamie ndege. Akacheka. Alidhani ni mzaha wangu wa kila siku. Nikarudia. Akaacha kucheka.

"Mama Gaude, ndege ni wa wanawake. Sisi wetu nguruwe."

Ndiyo desturi. Ndege wa mchana ni wa wanawake na watoto, nguruwe wa usiku ni wa wanaume. Lakini mwaka huu mafuriko yamewafukuza nguruwe mpaka milimani. Nguruwe wake wako likizo. Ndege wangu wana mabawa.

Mama mkwe, anayebaki na Gaude nikiwa kazini, akadakia: "Acha kazi ya kufua damu za watu, mwanangu. Ukae dunguni kutwa kama wenzio."

Niache kazi? Mimi niliyelea watoto wa Kizungu Dar es Salaam, nikapanda garimoshi hadi Tabora, nikamaliza darasa la nne na la tano nikalichungulia dirishani. Ile wodi naipenda. Nikipokea kichanga, bado kina joto la ndani, naona kama nimemfungulia mtu mlango wa dunia. Siachi.

Jumapili, 5 Mei

Baada ya misa, dunguni. Ukungu umelala bondeni kama maziwa yaliyomwagika. Nikasinzia. Nikaota dungu limeng'oka, linaelea, na mimi juu yake, navuka bonde zima bila kasia. Chini maji meupe, mpunga unanipungia. Hakuna aliyeniita mama, wala mke, wala dada wa wodini. Palikuwa kimya. Nilisikia utamu mpaka nikaona aibu.

Nilipozinduka, ndege wamekula pembe nzima ya shamba.

Jumanne, 7 Mei

Nimeaibika. Nilikuwa nimesimama wodini, beseni mkononi, macho wazi, usingizi umenijaa. Vichanga vikaanza kulia, kimoja, kisha vyote. Mimi nikasikia ndege, kweleakwelea wa shambani. Nikaona mpunga. Nikagonga beseni kwa ngumi: "Hooo! Tokeni! Wezi nyie! Hooo!"

Wodi nzima ikaruka. Mama mmoja wa Sanje, aliyekuwa akihangaika na uchungu tangu jana, akajifungua palepale. Anasema nilimsaidia, mtoto atampa jina langu. Nilicheka naye.

Sista hakucheka. Kaniita pembeni, kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Akaniuliza, je, ningekuwa nimeshika mtoto badala ya beseni? Nikisinzia tena, nirudi nyumbani, nisije tena.

Ana haki. Hilo ndilo baya.

Jumatano, 8 Mei

Sikwenda dunguni. Alfajiri nilimwambia Anselmi bila mzaha: naenda kazini, shambani sipiti, leo wala kesho. Mpunga ni wetu sote, njaa nayo itakuwa yetu sote. Akanitazama kama mgeni. Nikaondoka.

Njiani nikaona wingu la ndege linashuka upande wetu. Miguu ilitaka kugeuka. Nimelia hadi getini. Gaude atakula nini mvua zikirudi? Naogopa. Mikono imefanya kazi wodini, moyo umeshinda shambani.

Ijumaa, 10 Mei

Mama mkwe nikimpa shikamoo anaitikia huku anatazama kuku. Anselmi anatoka, anarudi, analala. Mgongo unamuuma, anasema ni bao. Bao gani hilo.

Jumamosi, 11 Mei

Nikitoka kazini, wacheza bao wakanisimamisha. "Shemeji, bata wamepatikana?"

Bata gani? Kumbe tangu Alhamisi amewaambia yuko porini anawinda bata.

"Wanono!" nikawajibu. "Mmoja tumeshindwa kumfunika sufuriani."

Nikashika njia ya shambani, polepole. Nusu ya shamba imekwisha, mabua yamesimama matupu. Nusu ya pili ina masuke mazito, imeinama. Nikamsikia kabla sijamwona. Sauti nene, imekauka, haijui wapi pa kupumua. Hooo. Hooo. Anselmi yuko juu ya dungu, Gaude kafungwa mgongoni kwa kanga yangu, fundo limekaa vibaya. Debe liko mikononi mwake. Mtoto kalala katikati ya kelele zote zile.

Nilikuwa na mzaha hapo wa kuichekesha Ifakara yote. Sikuusema. Sikumwita pia.

Nimekaa kwenye tuta, miguu majini. Maji ya jioni yana rangi ya zambarau. Sikuwahi kuiona. Kuni sina, ndoo sina, mtoto mgongoni sina.

Nimekaa tu.