Makopo ya Mize

Jumatatu, 3 Novemba

Rafu ya juu imekwisha. Nimepangusa, nimetandika gazeti jipya. Iliki, mdalasini, kungumanga, pilipili manga. Zote kwenye chupa za kioo alizoniletea mwanangu Saumu, na vibandiko kaviandika mwenyewe kwa kalamu ya skuli. Mwalimu huyo, hawezi kuona kitu hakina jina. Ati mama, jiko lako kama ghala. Nimemwambia mie miaka thelathini najua pilipili iko wapi bila ya kusomeshwa.

Rafu ya chini sijaigusa. Ya Mize.

Jumanne, 4 Novemba

Niandike sawasawa, hapa hanioni mtu. Mize ni mke mwenzangu. Miaka kumi na tisa, jiko moja, rafu mbili. Siku ya zamu yake anapika kwa viungo vyake, siku yangu kwa vyangu, na ole wake atakayechota kopo la mwenziwe. Tuliwahi kununiana mwezi mzima kwa kijiko cha uzile, bizari nyembamba tu.

Kisha Faki, mume wetu, akafariki. Tukakaa eda pamoja nyumba hii hii ya Madungu, miezi minne na siku kumi. Zamu ya nani tena? Tukawa tunapika pamoja. Makopo yakachanganyika na hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa eda, na mimi kuna siku nilicheka mpaka machozi. Mungu anisamehe.

Eda ikaisha. Kaka yake Mize, Kombo, akaja kumchukua kumrudisha kwao Kengeja. Nilisimama mlangoni nikasema, "Nenda salama." Basi. Alikuwa anasubiri nimwambie kitu, nilimuona. Kiburi tu. Wiki sita leo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekaa chini kutenga. Hili langu, hili lake. Sijui. Gilgilani yake tu ndiyo naijua. Huikaanga kwanza mpaka ibadilike rangi, ndipo aitwange. Mie natwanga mbichi. Nimefungua kopo, nikavuta harufu, nikalia. Mtu mzima na wajukuu. Kwa gilgilani!

Nina hamu naye. Haya, nimeandika. Marehemu namuombea dua na moyo unatulia. Kwa huyu wa Kengeja hautulii.

Mize hajui kupika bila ya viungo vyake, na huko watakuwa wanampa vya paketi. Basi nimeyafunga makopo yake yote, au niliyodhani ni yake, pamoja na kinu chake kidogo na upawa. Sanduku, kamba mara tatu. Nimempa dereva wa chai maharage, gari ya abiria inayokwenda Kengeja. Atafurahi. Huenda akapiga simu.

Ijumaa, 7 Novemba

Simu kimya. Nimepika wali wa watu wawili. Tena.

Jumapili, 9 Novemba

Saumu kaja mchana, kaona rafu ya chini tupu, kauliza. Nikamweleza. Kashika kichwa.

"Mama, umempelekea vyombo vyake?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Mwanamke hupelekewa vyombo vyake lini? Akiachwa. Talaka ikitoka vyombo vinafungwa kamba, vinapakiwa gari, jirani wote wanaona, na hahitaji mtu kuelezwa. Na mimi nimevipakia mchana kweupe, upawa unachungulia juu ya sanduku! Lahaula. Watu wa Kengeja bila shaka walishuka nalo kwenye gari, wakamkabidhi mbele ya baraza zima. Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Nilikuwa nafikiria pua yake tu, akifungua lile kopo.

Nimepiga simu mara nne. Hapokei.

Jumatatu, 10 Novemba

Kombo kapita asubuhi. Mtu wa adabu, kanisabahi vizuri, lakini chai kaikataa na hakukaa. Ujumbe wa dada yake kautoa huku anaangalia viatu.

"Kasema, mwambie bi mkubwa, hata marehemu hakuniacha. Yeye ndiye kaniacha?"

Nikamwambia sivyo, Kombo, sivyo kabisa. Akasema, "Mie mjumbe tu, Bi Riziki."

Saumu ananiambia nisubiri hasira ipoe. Jirani yangu yeye kacheka. Mume kafa, ati, wake wenza mnagombania nini tena? Ningemjibu ningemtukana.

Sisubiri. Nilikaa kimya mlangoni mara moja, inatosha.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda. Nimemkuta uani anamenya muhogo. Kakonda. Hakuinuka. Sanduku liko pembeni mwa baraza, kamba haijaguswa. Jamani, hata kamba!

Toka Madungu nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, na salamu ndefu, na utani wa kuanzia. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Sikukuacha. Nina hamu nawe, nikashindwa kusema, nikafunga makopo. Rudi nyumbani, Mize."

Kisu kinakwenda. Ganda refu linaanguka. Nilidhani hakusikia.

"Ulisema nenda salama," akasema. "Miaka kumi na tisa, dada, ukasema nenda salama."

Nikatafuta kisu cha pili, nikavua viatu, nikakaa chini kumenya.

Tulipofika nusu ya ungo ndipo aliponiambia. Hawezi kurudi. Nyumba ile kila mlango anamuona Faki anatokea. Hapa kwao analala usingizi, kule alikuwa halali, alikuwa akinificha. Hakulisema kwa hasira, na hilo limeniumiza zaidi. Hasira yake naijua, ningeshindana nayo.

Nikasema nimeelewa. Uongo. Nimeelewa kwa kichwa tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Kengeja, asubuhi. Jana Mize hakuniruhusu kuondoka, kanitandikia kitanda chumbani mwake. Tumezungumza habari za wajukuu, za mvua, za magoti yangu. Kanuna kidogo pia. Sikumuomba tena.

Naondoka kwa gari ya saa nne. Yeye anabaki. Nitafika, nitafungua mlango, nitamkosa, na wiki ijayo nitamkosa vile vile. Nishajua.

Sasa hivi jirani yake kachungulia uani kuomba chumvi. Kaniona, kamuuliza Mize mgeni wake nani. Nikainamisha kichwa. Mume yuko kaburini, mimi nimempelekea vyombo mbele ya watu. Ningemsamehe jibu lolote.

"Mke mwenzangu," kasema Mize, na akaenda ndani kuleta chumvi.